Utoto wa Midrand, kati ya ukuta na kioo

Kabla ya kuwa mji, Midrand ilikuwa mahali pa kupumzisha farasi. Magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi kati ya Pretoria na Johannesburg yalisimama hapo, na ndiyo maana kitongoji chake kikongwe kinaitwa Halfway House hadi leo, yaani nyumba ya nusu ya njia. Farasi wamekwisha. Iliyopo sasa ni barabara ya N1 isiyolala, kituo cha treni ya Gautrain, duka kubwa la Mall of Africa lililofunguliwa Aprili 2016, na msikiti wa Nizamiye wenye minara minne, ambao dereva anaanza kuuona akiwa bado mbali.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaujua mji huu bila kujua kwamba wanaujua. Makao makuu ya Vodacom yako hapa, kampuni mama ya Vodacom Tanzania na mwenye hisa mkubwa katika Safaricom ya Kenya. Bunge la Afrika nalo limekaa Midrand tangu 2004, na rais wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Kwa hiyo bando linalonunuliwa Mbagala lina ukoo na ofisi za huku, na maofisa, wahasibu na wafanyabiashara wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo wanaishi na kulea watoto katika vitongoji vya Noordwyk, Vorna Valley na Carlswald. Swali lao ni lilelile linaloulizwa Mbezi na Kilimani: je, ni simu inayowatia hofu watoto hawa wa miaka 11 hadi 14, au simu imekutwa tu eneo la tukio?

Kiswahili kina neno moja, wasiwasi, na limebebeshwa mizigo mingi. Asili yake ni Kiarabu, na masikioni mwa Waislamu bado lina mwangwi wa mnong'ono wa shetani kifuani mwa mtu. Mama hulitumia mtoto akichelewa kurudi. Mwanafunzi hulitumia usiku wa kuamkia mtihani. Daktari akilitumia anakusudia kitu kingine: hofu isiyokwisha hata chanzo chake kikiondoka, inayodumu miezi, inayomnyima mtoto usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kukaa na wenzake. Mtoto wa miaka 12 hana maneno hayo. Yeye husema tumbo linamuuma, tena Jumatatu asubuhi, na mzazi huwaza minyoo, au uvivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wasiwasi uko mstari wa mbele. Matumbo ya Jumatatu, basi, si machache.

Hofu ya wazazi wa Afrika Kusini juu ya simu ina umri mkubwa kuliko simujanja yenyewe. Katikati ya miaka ya 2000 nchi hii ilikuwa na mtandao wake wa kuandikiana, Mxit, uliotengenezwa Stellenbosch na kampuni ya Herman Heunis. Ulifanya kazi kwenye visimu vidogo vyenye vitufe, na ujumbe uligharimu senti chache wakati SMS ilikuwa anasa. Mamilioni ya vijana waliingia. Magazeti yakajaa habari za watoto wasiolala, alama zilizoshuka na watu wazima waliojificha kwa majina ya kitoto kwenye vyumba vya mazungumzo. Mxit ilifungwa mwaka 2015. Waliokuwa na miaka 13 wakati ule sasa ni wazazi, na baadhi yao wanasimulia usiku ule wa vitufe kwa tabasamu huku wakiificha simu ya binti yao juu ya kabati.

Lakini si haki kusema kwamba mambo ni yaleyale. Mazungumzo ya Mxit yalifika mwisho: watu waliaga, skrini ikazima. Ukurasa wa leo hauna mwisho, na haukosi mwisho kwa bahati mbaya. Kuna watu wanaolipwa ili kidole kisisimame. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyewahi kuajiriwa na Facebook, alitoa nyaraka za ndani zilizoonyesha kwamba watafiti wa kampuni hiyo walijua Instagram inawaongezea baadhi ya wasichana huzuni juu ya miili yao. Hapo hoja ya kwamba kila kizazi kina woga wake ilipungukiwa na nguvu, kwa sababu safari hii onyo lilitoka jikoni.

Wakati wazazi wakiwaza kuizima skrini, serikali ilikuwa ikiileta. Januari 2015 mkoa wa Gauteng ulizindua madarasa yasiyo na karatasi, na uzinduzi ukafanyika Tembisa, mji wa watu wengi unaopakana na Midrand upande wa mashariki. Cyril Ramaphosa, wakati huo naibu rais, alikuwepo. Vishikwambi viligawiwa kama vitabu vya kesho. Kisha ikaja korona. Shule zikafungwa Machi 2020, zikarudi kwa zamu, na utaratibu wa zamu ukaondolewa Februari 2022 tu. Kwa miaka miwili mzazi aliyekuwa akiificha simu aliambiwa ainunue, aiwekee bando na ahakikishe mtoto yuko mtandaoni saa mbili asubuhi. Aliyekuwa darasa la tatu akaingia ujana simu ikiwa daftari, uwanja wa mpira na rafiki kwa pamoja. Halafu watu wazima wakashangaa kwamba hataki kuiachia.

Ukuta ulikuwepo kabla ya hayo yote. Midrand ya tabaka la kati imejengwa kwa mageti: mlinzi, kadi, alama ya kidole, waya wa umeme juu. Ndani ya mitaa mikubwa ya fahari kama Kyalami Estates watoto wanaendesha baiskeli na wazazi hawana habari, na hilo lisemwe. Ila wengi hawaishi huko. Wanaishi kwenye majengo ya ghorofa mbili au tatu yaliyobanana, ambako maegesho ndiyo uwanja na kanuni za wakazi mara nyingi zinakataza mpira. Nje ya geti mtoto hatoki kwa miguu. Anachukuliwa na gari dogo la wanafunzi kabla jua halijachomoza na kurudishwa jioni, na kamba pekee inayomfunga kwa mama yake mchana kutwa ni ujumbe wa WhatsApp: nimefika, nimetoka, dereva amechelewa. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 watu zaidi ya 27,000 waliuawa Afrika Kusini. Mzazi anayempa mtoto wa miaka 10 simu katika nchi hiyo hafanyi hivyo kwa kufuata mkumbo; anamnunulia king'ora.

Hapo ndipo kitabu kinachonukuliwa zaidi kuhusu mada hii kinapokwama. Mwanasaikolojia wa Marekani Jonathan Haidt, katika The Anxious Generation cha 2024, anadai kwamba utoto wa kucheza ulibadilishwa kuwa utoto wa simu takriban kati ya 2010 na 2015, na anapendekeza mambo manne: simujanja isitangulie sekondari, mitandao ya kijamii isubiri miaka 16, shule ziwe bila simu, na watoto warudishiwe uhuru wa kucheza bila kusimamiwa. Matatu ya kwanza yanaweza kujadiliwa Midrand. La nne linagonga geti. Familia ya Kitanzania iliyopanga Noordwyk haina shangazi wa nyumba ya pili wala duka la Mangi ambako mtoto hutumwa chumvi na kuchelewa makusudi. Bibi yuko Tanga, na kwa mjukuu huyu bibi anaishi ndani ya kioo cha simu. Ukimnyang'anya simu umemnyang'anya na bibi.

Kilomita chache mashariki, Ivory Park ina hali iliyo karibu kinyume. Mitaa yake imejaa watoto hadi usiku uingie, ukuta hakuna. Simu moja yenye kioo kilichopasuka huzunguka kwa ndugu watatu, na kipimo cha matumizi ni randi, wala si saa. Baada ya kelele za umma dhidi ya bei ya data, kampeni iliyoanza 2016, na uchunguzi wa Tume ya Ushindani uliokamilika Desemba 2019, Vodacom ilishusha gigabaiti moja ya mwezi kutoka randi 149 hadi 99 Aprili 2020. Kwa mzazi asiye na kazi, 99 bado zilikuwa chakula. Na wasiwasi upo pale pale Ivory Park, umebeba majina mengine: risasi, njaa, baba aliyepunguzwa kazini. Anayetaka kuamini kwamba simu ndiyo mzizi wa yote ashuke huko mchana mmoja, aone watoto wanaocheza nje kutwa na bado hawalali.

Yanayopita ndani ya simu yanafaa kutazamwa kwa makini kuliko idadi ya saa. Kwa watoto wa wahamiaji, kuna kitu ambacho vitabu vya Wamarekani havikigusi. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, mwendo mfupi wa gari kutoka Midrand, na zaidi ya watu 60 wakafa nchini kote. Watoto wa wakati ule walisikia habari kwa wazazi, ikiwa imepunguzwa makali. Septemba 2019 vurugu ziliporudi, video zilifika mifukoni mwa watoto kabla ya baba kutoka kazini, na baadhi, kama wakaguzi wa habari walivyobaini, zilikuwa za miaka ya nyuma au za nchi nyingine kabisa. Mtoto wa darasa la sita mwenye jina la Kikongo hana namna ya kupambanua. Anachojua ni kwamba kesho atapanda gari la shule, na dereva anaongea lugha ambayo yeye anaikosea matamshi.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo ilimhesabia mtoto muda: kwanza mama, kisha kizingiti, kisha ulimwengu. Kizingiti kimeondolewa.

Shule nayo imeingia kwenye kioo. Aprili 2021 msichana wa miaka 15 huko Limpopo alipigwa na mwanafunzi mwenzake huku wengine wakirekodi. Video ikasambaa nchi nzima, na muda mfupi baadaye msichana huyo akajitoa uhai. Kupigwa shuleni si jambo jipya. Waliosoma bweni Kenya au Tanzania wana hadithi zao. Jipya ni kwamba zamani aliyepigwa aliweza kufika nyumbani, akafunga mlango, na kwa saa kumi na mbili akawa hayupo.

Sayansi inasema nini? Inasema kidogo kuliko wanasiasa wanavyotaka, na si kwa sauti moja. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana mamia kwa maelfu wa Uingereza na Marekani, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kula viazi, walitania, kulikuwa na uhusiano unaokaribia huo. Candice Odgers, alipokihakiki kitabu cha Haidt katika jarida la Nature mwaka 2024, alisema uhusiano si chanzo: yawezekana kijana mwenye wasiwasi ndiye anayekimbilia simu.

Wanaopenda simu waliishika habari ya viazi kama hati ya kuachiwa huru. Walifanya haraka. Wastani ni blanketi: linafunika anayetumia simu kuongea na bibi na anayetazama wembamba wa wasichana wengine hadi saa nane usiku, kisha linasema wote wana joto la kadiri. Orben mwenyewe, katika utafiti wa 2022 aliofanya na wenzake kwa takwimu za Uingereza, alikuta kwamba kuna nyakati ambapo matumizi makubwa ya mitandao hutangulia kushuka kwa furaha ya maisha mwaka unaofuata: kwa wasichana miaka 11 hadi 13, kwa wavulana 14 na 15, na kwa wote tena karibu miaka 19. Matokeo hayo yana uzito kuliko makelele yote mawili. Swali la mzazi wa Midrand linahama kutoka "simu ni mbaya?" kwenda "binti yangu ana miaka mingapi, na anatazama nini?"

Na ushahidi wa usingizi ni mnyoofu zaidi. Mwenye miaka 13 anahitaji saa 8 hadi 10. Gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili kasoro, kwa hiyo anaamka saa kumi na moja alfajiri. Hesabu ni rahisi: alale saa tatu usiku, na wakati huo ndipo kundi la darasa linachangamka. Asiyelala vizuri huamka mwili uko macho kwa hatari isiyokuwepo, moyo unaenda mbio, vitu vidogo vinamkereketa. Akiwa na mbegu ya wasiwasi, imemwagiliwa. Hapa simu haihitaji hata kuwa na maudhui mabaya. Inatosha iwe kitandani.

Kenya inatoa mfano unaochanganya mambo vizuri. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta takriban asilimia 44 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, huku wasiwasi ukiongoza; karibu asilimia 12 walifikia vigezo vya ugonjwa kamili. Hii ni nchi ambako shule za sekondari za umma zinakataza simu, na mamia ya maelfu ya vijana hukaa bwenini miezi mitatu bila kuigusa. Marufuku, basi, haikuzuia wasiwasi usiingie. Mitihani iliupitisha, na karo, na umbali na nyumbani. Hilo haliisafishi simu, kwani likizo ikifika kijana huilipia miezi yote kwa wiki mbili. Linaonyesha tu kwamba kufuli la shule linafunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi.

Waingereza wamelipima kufuli hilo. Timu ya Chuo Kikuu cha Birmingham ililinganisha shule 30, zenye marufuku na zisizo nayo, ikiwa na wanafunzi 1,227, na mapema 2025 ikaripoti kwamba ustawi wa akili haukutofautiana. Kilichotokea ni kwamba saa zilizookolewa darasani zilirudishwa jioni. Utafiti huohuo, hata hivyo, ulikuta wanaotumia simu muda mrefu zaidi kwa siku nzima ndio wenye usingizi mbovu na wasiwasi zaidi. Kwa maneno mengine, mwalimu anaweza kulinda somo la hisabati. Usiku si wake.

Australia imejaribu njia ya sheria: tangu tarehe 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti katika TikTok, Instagram, Snapchat na mingineyo, na faini ni ya kampuni, si ya mzazi. Kuna wanaotamani ifike Pretoria. Wakiisoma kwa utulivu wataona kwamba WhatsApp haimo, na Johannesburg mengi yanapita huko: uvumi wa utekaji, video za kupigana, kundi la darasa lisilo na mwalimu. Umri wa miaka 13 unaotajwa sasa na mitandao mingi nao una kichekesho chake. Unatokana na sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu taarifa za watoto. Haukupimwa kwa ubongo wa mtoto yeyote, sembuse wa Ivory Park.

Afrika Kusini ina vipande vya sheria: ya makosa ya mtandao, iliyoanza kutumika kwa sehemu Desemba 2021, na marekebisho ya sheria ya filamu na machapisho yaliyoanza Machi 2022. Kuhusu simu mikononi mwa wanafunzi, uamuzi umeachwa kwa bodi ya kila shule chini ya sheria ya shule ya 1996. Matokeo yake mtaa mmoja wa Midrand una shule inayokusanya simu getini, na jirani yake inayodai kila mtoto aje na kifaa chake.

Likishafika tumbo la Jumatatu kwa mtaalamu, ikiwa litafika, gharama inaanza. Takriban mtu mmoja kati ya sita nchini ndiye mwenye bima binafsi ya afya. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2019 ulikuta huduma za afya ya akili zinapata karibu asilimia 5 ya matumizi ya afya ya umma, na kwamba kati ya wasio na bima wanaohitaji matibabu hayo, asilimia 92 hawayapati. Pengo hilo linazibwa na simu, kifaa kilekile kinacholaumiwa. Shirika la SADAG, linaloshughulikia sonona na wasiwasi tangu 1994, linawasikiliza watu bure kwa simu. Childline inapokea watoto kwa namba 116, namba ileile inayotumiwa na huduma kama hiyo Kenya na Tanzania, kwa hiyo familia iliyohamia haihitaji kuikariri upya. Watu wa huku wakisema "ondoa simu", inafaa kuulizwa mtoto atapigia wapi.

Mwaka wa masomo huanza Januari, na darasa la nane ndilo mwanzo wa sekondari. Wiki hizo mfumo wa maombi wa Gauteng huwa bado una watoto wasio na nafasi, na wazazi hukesha wakisubiri ujumbe wa kuwaambia shule ipi imewapokea. Mall of Africa wakati huo hujaa familia: sare, viatu vyeusi, madaftari, na katika duka la simu, mkataba mpya kwa ajili ya binti aliyetimiza miaka 13, zawadi ya kufaulu na dawa ya hofu ya mama kwa wakati mmoja. Muuzaji huuliza ukubwa wa bando. Kisha baba hutoa simu yake mwenyewe mfukoni kuangalia kama ujumbe wa shule umeingia, binti hufungua boksi, na foleni husogea.